Moto wa Juu

Masika ya mwaka 2024 kaa la moto lilimwangukia mama yangu mguuni, naye hakulisikia. Alikuwa uani kwetu Mlabani, kule Ifakara, anapalia mkate. Kilichomshtua ni harufu. Akadhani mkate unaungua, akainama kuchungulia jikoni, akakuta moto wa chini ni wa kiasi na mkate hauna neno. Ndipo macho yalipoteremka zaidi, akaliona kaa lenyewe limekaa juu ya mguu wake wa kushoto, karibu na mkanda wa kandambili, limetulia kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Dada ndiye aliyenipigia simu.

"Mama kaungua."

"Kaungua na nini, maji?"

"Kaa. Limemdondokea mguuni, limekaa hapo mpaka ngozi imeiva."

"Sasa kwa nini hakulikung'uta?"

Dada akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hakulisikia, mdogo wangu."

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mama ana kisukari. Daktari alieleza kuwa sukari ikikaa juu ndani ya damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia miguuni, kwa hiyo mtu anaweza kukanyaga msumari au kuungua asijue. Kidonda nacho huchelewa kupona. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze sukari, apunguze wali (hebu mwambie mtu wa Ifakara apunguze wali, uone atakavyokutazama), na tena akae mbali na moto. Hilo la mwisho lilikuwa sawasawa na kumwambia afunge duka, kwa maana mama yangu anauza mkate wa kumimina, na mkate wa kumimina ni moto juu na moto chini.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo, ila kwa ajili ya wengine nieleze. Unachukua mchele, unauloweka usiku kucha, unausaga pamoja na tui zito la nazi mpaka unakuwa laini kabisa, unatia sukari, hamira na iliki, unaacha uumuke. Zamani mama alikuwa akitwanga kinuni na kuchekecha, siku hizi ana brenda. Rojo likishapanda na kutoa mapovu, likawa linanukia kama togwa changa, unapiga ute wa yai, unachanganya, halafu unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Chini moto mdogo. Vitundu vikianza kujitokeza juu, unafunika kwa mfuniko wa bati na kupanga makaa juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Moto wa chini unapika, moto wa juu unaupa mkate sura, ile rangi ya kahawia inayomfanya mtu anayepita njia arudi nyuma hatua mbili kuuliza bei. Wa mama huwa mnene wa vidole vitatu vilivyolazwa, ukiubonyeza unazama na kurudi juu wenyewe.

Sisi si watu wa pwani. Mama ni Mndamba, na kwa Wandamba chakula ni wali na samaki, basi. Mkate alifundishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na jirani mmoja mwenye asili ya Tanga, ambaye mume wake alikuwa akifanya kazi stesheni ya TAZARA. Ile reli ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na ilipopita Ifakara ilishusha watu wa kila namna, kila mmoja na chungu chake. Jirani yule alihamishwa akaondoka. Mkate ukabaki uani kwetu.

Nao ulikutana na mchele ambao pwani kwenyewe wanauagiza. Mama haoki kwa mchele mzima, anaoka kwa chenga, zile punje zilizovunjika mashineni wakati wa kukoboa, kwa sababu bei yake ni nafuu na zinalowa upesi. Lakini hachukui chenga yoyote tu. Hana ugomvi na SARO 5, mbegu iliyozalishwa pale pale kwetu katika kituo cha utafiti cha KATRIN na ambayo wakulima wanaipenda kwa kuzaa sana. Ila kwa mkate anataka chenga za Supa, kwa ajili ya harufu. Wenye mashine wanamjua. Humwekea ndoo yake pembeni.

Sare zangu za shule, ada, nauli ya kwanza ya kwenda Dar, vyote vilitoka chini ya mfuniko ule wenye makaa. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa nadaiwa kiasi gani. Kwa maana toka Aprili alipoungua mpaka Agosti sikwenda kumwona. Nilituma hela. Kazi, unajua, ruhusa ngumu, nauli, mvua imekata barabara... Sababu zote zilikuwa za kweli, na hata moja haikutosha.

Sasa nije kwenye mashine.

Mshikaji wangu mmoja kazini alikuwa na tabia ya kutuonyesha vituko kwenye simu wakati wa chai. Siku moja akatuonyesha Wajapani wanatengeneza chapati ya maji. Lakini hawakutumia kikaango. Walimimina rojo lote ndani ya jiko la umeme la kupikia wali, lile ambalo mtaani tunaliita raisikuka, wakafunika, wakabonyeza. Baadaye wakafungua na kupindua sahani. Kilichotoka, bwana, hakikuwa chapati, kilikuwa mto wa kulalia! Kimenona, kimevimba, kinatikisika. Wenzangu walicheka. Mimi nilishika simu ya mwenzangu nikairudia mara tatu, maana kile kitu nilikuwa nakijua. Ule ulikuwa mkate wa mama, isipokuwa hapakuwa na makaa, hapakuwa na moshi, wala hapakuwa na mguu wa mtu karibu.

Jumamosi iliyofuata nikaingia Kariakoo. Nikanunua raisikuka kubwa, ya lita 2.8, wati 1,000. Nikaomba ruhusa ya wiki mbili, nikapanda basi nimeipakata kama mtoto. Tulipopita Mikumi na kuingia barabara ya Kidatu, mzee aliyekaa kando yangu hakuweza tena kujizuia.

"Kijana, hilo si jiko la wali?"

"Ndiyo, mzee."

"Unalipeleka Ifakara?"

"Ndiyo."

Akatazama dirishani, kwenye miwa ile isiyokwisha, akatikisa kichwa. "Ifakara wali wanapika hata watoto, kwa mawe matatu. Haya, nenda."

Mama alinipokea ameketi. Hilo peke yake lilinitisha, sijawahi kumkuta ameketi saa kumi za jioni. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya kigoda. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana habari za safari. Halafu nikatoa mashine kwenye boksi nikaanza kuhutubia, maana ndivyo nilivyofanya, nilihutubia. Kwamba sasa hakuna mkaa tena. Kwamba hakuna tena kupalia wala kusimama. Unabonyeza tu, mama, unakaa.

Akaniacha mpaka nikaishiwa maneno. Akasema, "Umeniletea hii ili usirudi, baba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninapoandika sijapata la kumridhisha. Usiku ule nililoweka chenga mwenyewe, vikombe vitatu, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Mkate wa kwanza niliuharibu mbele ya mashahidi. Dada alikuwepo, na watoto wake, na jirani aliyekuja kuazima chumvi akasahau chumvi. Nikamimina, nikafunika, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Haikupita hata robo saa: tak! Kitufe kimeruka, taa imegeuka. Nikafungua kwa madaha. Kitako kilikuwa kimeshika rangi, lakini juu yake kulikuwa bado uji mtupu.

"Limesema limeiva," nikajitetea.

"Limesema uongo," akasema mama kutoka kwenye kiti chake.

Nikabonyeza tena, kitufe kikakataa kukaa. Nikatafuta kijiti nikakibana kisiruke. Baada ya dakika kumi nyumba nzima ilijaa moshi, na jirani akakumbuka chumvi yake akaondoka. Chini mkaa, katikati uji. Kuku walikula, tena kwa kuchagua.

Hapo ndipo nilipokaa nikajiuliza ile mashine inafikiri vipi. Si siri, ukiigeuza utaona. Katikati ya bamba la moto kuna kidude cha duara kinachocheza juu ya springi, na chini yake kuna sumaku. Ukibonyeza kitufe, sumaku inashika na umeme unapita. Maadamu sufuria ina maji, joto la kitako haliwezi kupita sana nyuzi 100, kwa kuwa maji yanachemka na kuondoka na joto hilo kama mvuke. Wali ukishayanywa maji yote, kitako kinapanda ghafla. Kikifika kama nyuzi 103 hivi, sumaku inalegea, inaachia, na kitufe kinaruka. Kwa hiyo raisikuka haijui wali umeiva. Inachojua ni kwamba maji yameisha chini. Na rojo la mkate ni zito, halizunguki kama maji, basi kitako chake kinapata moto upesi wakati juu hakujui lolote. Kitufe kinaruka kwa nia njema kabisa.

Dawa yake ni subira. Kikiruka, unaacha. Joto lililoko chini linapanda taratibu ndani ya mkate, kitako kinapoa kidogo, na baada ya dakika kumi na tano hivi sumaku inakubali kushika tena. Unabonyeza, kinaruka, unaacha. Mara tatu, pengine nne. Mkate mmoja unachukua zaidi ya saa, lakini umeme wenyewe unawaka dakika chache tu, hata nusu yuniti ya LUKU haifiki.

Mkate wa pili ukaiva. Lakini mvuke uliganda kwenye mfuniko wa kioo na kudondoka, juu ukawa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Wa tatu nikafunga kitambaa safi kwenye mfuniko kinywe yale maji. Nikapindua sahani, na hapo, msomaji, hata mimi nilistaajabu. Ulikuwa mkubwa kuliko mkate wowote uliowahi kutoka uani kwetu, umepanda vidole vitano, unatikisika kama ule wa Wajapani. Watoto walipiga makofi. Nikampelekea mama.

Akauzungusha sahani. Upande uliokuwa chini ulikuwa wa kahawia, mzuri, laini. Akaupindua atazame upande wa juu. Mweupe pe!

"Huyu mgonjwa," akasema. "Huyu alazwe."

"Si unaupindua tu, mama? Upande wa chini unakuwa ndio juu."

"Na anayenunua akiupindua?"

Kisha likaja jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Miaka yote mama alionja rojo kwa kuchovya kidole, na mkate kwa kumega pembe. Sasa hamegi. Akanipa mimi kipande nionje.

"Enhe?"

"Mtamu, mama."

"Mtamu wa vipi?"

Nikatafuna. "Mtamu... mtamu tu. Umekolea."

"Sukari imetangulia au nazi imetangulia? Iliki inakuja lini, mwanzo au ukishameza? Uchachu upo?" Akanitazama kwa huruma. "Wewe si ndiye unayeandika? Nimeuliza, mtamu wa vipi?"

Nikamega kipande cha pili, nikafumba macho. Nilihitaji vipande vitatu kuweza kumwambia kwamba nazi inatangulia, sukari inafuata nyuma yake, iliki inabaki kooni, na uchachu hakuna, rojo lilikuwa halijakaa vya kutosha. Akaridhika. Akasema kesho liache saa nzima zaidi. Kuanzia siku ile tukawa tunafanya kazi hivyo: mimi ulimi, yeye kichwa. Niliporudi Dar, ulimi akawa dada.

Nilikuwa nimemwambia pia, katika kutafuta kumlainisha, habari za mwanamke mmoja wa Japani. Kabla ya mwaka 1955 watu wengi walishajaribu kutengeneza jiko la wali linalojizima lenyewe, wakashindwa. Kampuni ya Toshiba ikampa kazi hiyo fundi mmoja mwenye karakana ndogo, Yoshitada Minami, na yeye naye, kwa kuwa hakuwa akipika, ikabidi amtegemee mkewe Fumiko. Mama yule alipika wali siku baada ya siku, akipima joto na kuandika dakika, mpaka wakapata kanuni. Jiko lao la kwanza lilikuwa na sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Maji ya ile ya nje yakishakauka, kama dakika 20, swichi inajizima. Desemba 1955 likaingia madukani.

"Kwa hiyo mashine ni ya mwanamke," mama akasema.

"Jina lililovuma zaidi ni la kampuni."

"Si ndiyo hivyo." Lakini tangu hapo aliacha kuiita "lidude lako," akawa anaiita "la Mjapani."

Mwezi wa Agosti watu wa bonde wanakuwa wameshavuna na kuuza, hela inazunguka, na ndipo sherehe zinapoandamana. Mteja wa zamani akaja kuagiza mikate minne mikubwa kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Mama alikuwa hajapokea oda tangu Aprili. Dada alijaribu miezi ile kuoka kwa mkaa, wateja wakanunua kwa adabu na hawakurudi. Nilimtazama mama nikidhani atakataa. Akataja bei, tena aliipandisha.

"Utakuwa wa namna gani?" mteja akauliza, akiiona mashine mezani.

"Mkubwa," akasema mama.

Tuliamka saa tisa usiku. Mama alikaa kwenye kiti chake mlangoni, mguu kwenye kigoda, akiamuru. Tatizo la weupe alishalitatua mwenyewe bila kuniambia: mkate ukitoka, niuteremshe kwa uso wake mweupe juu ya chuma cha chapati kilichopata moto kwenye jiko la gesi la dada, nihesabu mpaka 90, niupindue. Wa kwanza ukatoka na sura pande zote mbili. Wa pili pia. Wa tatu nao. Saa mbili asubuhi nikamimina wa nne, nikabonyeza, tak, nikaacha, nikabonyeza, na taa nyekundu ikazimika bila kitufe kuruka. Redio ya jirani nayo ikanyamaza. Umeme umekatika.

Kuna kichekesho chenye uchungu hapo. Mto Kilombero unapopita bonde letu unakwenda kukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Sehemu kubwa ya maji yanayojaza Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 lililowasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, yamepita kwetu kwanza, mengine yamepita hadi ndani ya mashamba. Kidatu nako, ambako umeme unazalishwa tangu mwaka 1975, tunapapita kila tukienda Dar. Na bado mimi nilikuwa nimesimama Mlabani na uji vuguvugu ndani ya sufuria, na kipaimara saa nne.

"Tuupeleke mitatu," nikasema.

"Nimepokea hela ya minne."

"Mama, haujaiva, na gesi ya dada ndiyo inaishia."

"Leta jiko la mkaa."

"Mama, daktari..."

"Nimesema mimi nitasimama? Lete jiko, washa, na wewe ndiye utakayepalia."

Msomaji, nilikuwa na umri wa miaka 29 na sikuwahi kupalia mkate. Nilikuwa nimeula maisha yangu yote. Nikawasha mkaa, nikatoa sufuria ya ndani ya raisikuka, ile nyembamba yenye ngozi nyeusi isiyoshika, nikaiweka juu ya makaa machache niliyoyatandaza majivu. Nikafunika kwa mfuniko wa bati. Nikachukua koleo, na mkono ukaanza kutetemeka, kwa sababu mara ya kwanza nilielewa mahali mtu anaposimama anapopanga makaa juu ya mfuniko, na miguu yake inakuwa wapi.

"Anzia pembeni," mama akasema. "Katikati weka mawili tu. Katikati ndiko kunakoungua."

Nikaanzia pembeni.

"Mengi hayo. Toa moja. Sasa weka kiganja juu, usiguse, hesabu."

Nikaweka. Nilifika nne nikaondoa mkono.

"Ngapi?"

"Nne."

"Kali. Toa mengine. Nataka ufike saba."

Nikapunguza mpaka nikafika saba. Halafu tukasubiri. Mama alifumba macho. Dada akaja na maneno, mama akamwinulia mkono anyamaze. Ikapita dakika sita, saba, mimi naangalia saa, naangalia mfuniko. Mimi sikuwa nasikia harufu yoyote zaidi ya mkaa.

"Bado," akasema. Kisha, "Bado." Kisha akafumbua macho. "Toa!"

Nikaondoa makaa, nikafunua. Sijui niseme vipi. Umeme ulikuwa umeshaupandisha, ukawa mnene kama ndugu zake watatu, na moto wa juu ukaukamata palepale ulipofikia, ukaupaka rangi ya asali kutoka ukingo mpaka ukingo. Mama aliomba nimletee karibu. Hakuugusa. Aliutazama muda mrefu, halafu akasema mteja apewe huo wa mwisho juu, ile mitatu ikae chini yake.

Sufuria ya Mjapani haikusalimika. Kitako chake kilipinda kidogo kwa moto wa mkaa, kwa hiyo siku hizi hakikai sawasawa juu ya bamba, na kitufe kinaruka mapema zaidi. Nilitaka kununua nyingine, mama akakataa, amesema ameshaizoea tabia yake. Anaoka mikate miwili kwa siku, si zaidi, ameketi, bandeji ilishatoka ila viatu vya kufunika anavivaa hata ndani ya nyumba. Kwa oda kubwa dada ndiye anayepalia. Mimi huenda kila baada ya miezi miwili, na mara nyingine inakuwa mitatu.

Nampigia simu asubuhi, kwa kuwa najua ndio wakati wa mkate. Jana nilimkuta katikati ya kazi. Nikamuuliza mguu, akasema mguu upo. Nikamuuliza sukari, akanitajia namba ya kwenye kipimo, nikaiandika. Nikaanza kumweleza kwamba nimeandika habari za mkate wake, na kwamba huenda zikachapwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usikate."

Nikangoja. Nilisikia kuku, nikasikia pikipiki ikipita barabarani, halafu, kwa mbali, tak.

"Haya," mama akasema. "Nina dakika kumi na tano. Soma."